Miche Mitatu ya Chavua

Kila alasiri nikirudi shuleni, nachota ndoo mbili za maji na kumwagilia tuta langu la matikiti maji nyuma ya jiko. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alinipa tuta hilo kwa sharti moja: lisipozaa, analichukua apande vitunguu. Thubutu! Tuta langu silitoi.

Jumamosi moja mjomba wangu, fundi seremala, alikuja kutusalimia. Akainama kwenye tuta, akaangua kicheko.

"Kumbe nawe umenunua mbegu za matikiti yasiyo na mbegu kama mimi! Makubwa haya! Na hii miche mitatu yenye vitunda vigumu kama mawe ni ya nini?"

"Ni ya chavua, mjomba. Nyuki hubeba chavua yake kupeleka kwenye maua ya hii mingine. Bila hiyo hatupati tikiti hata moja."

"Lo! Mtoto wa juzi anifundishe kulima? Inakula mbolea bure. Mimi miche kama hii kwenye tuta langu kule karakana nimeshaing'oa. Ng'oa!"

"Sing'oi."

Mjomba akanyoosha mkono. Nikakaa palepale tutani, gauni langu safi likajaa matope.

"Shikamoo yako naitoa kila siku, mjomba, lakini maelezo ya pakiti ya mbegu nimeyasoma mara tano. Haing'olewi!"

Mama akatoka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Sikuinuka.

"Kaka, mwache," akasema. "Tuta ni lake, hasara ni yake. Nawe mwanangu, vitunguu vyangu vinasubiri."

Ziliisha wiki sita. Mjomba akaja tena, safari hii mnyonge.

"Yangu yalichanua vizuri, kisha maua yakapukutika yote. Sina hata tikiti moja! Wewe uliweka mbolea gani?"

"Nyuki, mjomba."

Nilikuwa na matikiti manane. Mama akapasua moja: jekundu, halina mbegu nyeusi hata ya dawa. Mjomba akala vipande vitatu.

"Mwanangu," mama akasema, "mkubwa anaheshimiwa, lakini heshima si kukubali kosa. Jambo ukilisoma ukalielewa, lisimamie. Ila siku nyingine jibu kwa adabu zaidi, na gauni hilo utalifua mwenyewe."

Mjomba akajifuta mdomo. "Nimekoma. Msimu ujao uje karakana, unionyeshe ipi ya kung'oa."

"Hakuna ya kung'oa, mjomba!"