Mlango wa Abiria

Jumamosi ile mtaa wa spea ulifurika watu. Madalali wanavuta wateja mikono, nyundo zinagonga bodi, redio tatu zinaimba nyimbo tatu. Katikati ya vurugu hiyo alikuwepo mwalimu wa hesabu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi kama anakwenda kusimamia mtihani, akitafuta kabureta ya gari lililoacha kutengenezwa kabla yeye hajaanza darasa la kwanza. Maduka saba yalimcheka. La nane lilikuwa la mwanamke.

Ovaroli ya bluu iliyokunjwa mikono, hereni kubwa za duara, kucha nyekundu ambazo grisi ilishindwa kuziharibu. Mtaa mzima ulimwita Dada Spea.

"Karibu, mteja. Sura hiyo ni ya mtu aliyefukuzwa."

"Nimefukuzwa mara saba," Mwalimu akasema, akampa simu aone picha.

Dada Spea aliitazama picha, na tabasamu likamwisha taratibu. Gari rangi ya maziwa, limekaa juu ya matofali, nyasi zimechungulia kutoka kwenye boneti.

"Umelipata wapi hili?"

"Nyuma ya ghala la mbao. Mwenyewe alitaka kulikata auze chuma chakavu. Nikalionea huruma, nikalinunua. Liko uani kwangu."

"Mlango wa abiria unafunguka kwa ndani?"

"Hapana, mpaka mtu afungue kwa nje. Umejuaje?"

"Ni gari la marehemu baba yangu," akasema. "Tulikuwa tunaliita Kobe. Mama aliliuza mwaka wa msiba, tukasikia limeuzwa tena, halafu tukapoteza habari zake." Akacheka kidogo huku anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Ule mlango kila mwezi baba anasema atautengeneza. Mpaka anaingia kaburini hajautengeneza."

Mwalimu aliiweka kauli hiyo moyoni, maskini, akidhani ameielewa.

Kuanzia hapo kila Jumamosi mchana Dada Spea alifunga duka mapema, akaja uani na mfuko wa vyuma. Majirani wakaanza kuanika nguo zisizo na haja ya kuanikwa, mradi waone. Na waliona mengi: Mwalimu amelala chini ya gari miguu nje, Dada Spea amechutama pembeni na gauni la maua, maana siku hizi ovaroli ilikuwa inabaki dukani.

"Mwalimu, hizi waya za plagi nani kazipanga?"

"Mimi. Moja, mbili, tatu, nne."

"Na unalipwa mshahara kwa kufundisha watoto wa watu hesabu."

"Kwani watu wanahesabuje?"

"Watu wanahesabu hivyo. Injini hii inahesabu moja, tatu, nne, mbili. Sogea huko, laazizi, kabla hujatuunguza."

Lile laazizi lilimponyoka. Wote wawili walilisikia, wakainamia injini kwa bidii ya ajabu.

Wakichoka walikaa ndani ya gari kula chakula cha mchana. Kila mara Mwalimu alishuka, akazunguka mbele ya boneti, akamfungulia mwenzake mlango, naye alishuka polepole kama anashukia kwenye sherehe. Jioni zikawa za simu, Mwalimu akianza:

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula mawazo."

"Ya kwangu au ya Kobe?"

"Ya Kobe. Wewe unafuata."

"Basi kalale naye huyo Kobe wako," na simu isikatwe kwa nusu saa nyingine.

Baada ya miezi mitano Kobe alikuwa anang'aa. Jumamosi ya kuliwasha gari na kuliingiza barabarani kwa mara ya kwanza, Mwalimu alikuwa na neno la ndoa alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Na kabla ya neno alitaka kutoa zawadi. Alhamisi alikuwa amefungua ubao wa ndani wa mlango wa abiria. Chini kabisa alikuta kijichuma chembamba, kile kinachounganisha mkono wa ndani wa kufungulia na kitasa, kimefungwa kwenye kitambaa cha maua ya zambarau. Akacheka. Fundi gani mvivu hivi, kakitoa akasahau kukirudisha? Akakifunga mahali pake. Kazi ya dakika kumi.

Siku yenyewe Kobe aliwaka, akazunguka mtaa mzima, watu wakapiga makofi. Waliporudi uani Mwalimu hakushuka.

"Fungua mlango wako," akasema, meno yote nje. "Kwa ndani."

Dada Spea alivuta mkono ule. Mlango ukafunguka. Akautazama, akaufunga, akaufungua tena.

"Umeutengeneza."

"Ulisema baba hakuwahi. Nikaona nimmalizie."

"Uliniuliza?" Sauti ilikuwa ndogo sana. "Kila ulipozunguka kunifungulia, nilikuwa namwona anazunguka kumfungulia mama. Ndicho kitu chake pekee kilichokuwa kimebaki humu. Umekitoa bila hata kuniuliza."

Akashuka mwenyewe, akaondoka na gauni lake zuri. Mwalimu akabaki na neno lake la ndoa.

Alipiga simu mara tano kwa siku. Mara moja tu ikapokelewa. "Mwalimu, nina wateja," ikakatwa. Wiki tatu zikapita. Shuleni aliandika ubaoni moja, tatu, nne, mbili, wanafunzi wakaangua kicheko.

Jumamosi ya nne, asubuhi, geti likagongwa. Alisimama mama mmoja mnene kidogo, mwavuli kwapani, hereni kubwa za duara masikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyetengeneza mlango wangu?"

Alimzunguka Kobe akimpapasa, kisha akaona kile kitambaa cha zambarau juu ya meza ya spana. Akakiokota.

"Hiki ni kipande cha gauni langu la fungate. Kilikuwa wapi?"

"Ndani ya mlango, mama. Kilikuwa kimefungia kichuma cha kitasa."

Mama akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka machozi. "Kumbe alikitoa mwenyewe, mzee yule. Miaka ishirini na saba ananidanganya fundi hajapatikana, ili anizungukie."

"Na wewe miaka yote ulikaa unasubiri?"

"Nisubiri nini? Unashusha kioo, unatoa mkono, unafungua kwa nje. Nilijua tangu wiki ya kwanza." Akamkazia macho. "Na yeye hakujua kama najua. Hilo usimwambie binti yangu. Sasa chukua spana."

Kichuma kilipotoka, mama alikifunga tena kwenye kitambaa, akamkabidhi Mwalimu, akaingia kiti cha abiria, akafungiwa mlango, akapiga simu.

"Mwanangu, njoo unitoe. Nimekwama ndani ya Kobe. Mlango haufunguki."

Nusu saa baadaye Dada Spea aliingia uani mbio, ovaroli na grisi yake, pochi begani, anahema. Akamkuta mama yake ametulia garini, mikono mapajani. Akafungua mlango wa dereva, akainama ndani, akavuta mkono wa ndani wa ule mlango wa abiria. Haukufunguka. Akamtazama Mwalimu.

Mwalimu alizunguka mbele ya boneti, akamfungulia mama. Mama akashuka kifalme. "Ingia wewe," akamwambia bintiye. "Mimi nakwenda kutafuta maji ya kunywa." Dada Spea akaingia, Mwalimu akafunga, akaenda kukaa kwenye usukani. Akamwekea kile kitambaa mkononi, kichuma kikiwa ndani.

"Baba alikitoa mwenyewe, akakificha," akasema. "Mimi nilikirudisha bila kukuuliza. Nisamehe, mpenzi. Leo nauliza. Ukitaka uwe unashuka mwenyewe, nakifunga sasa hivi. Ukitaka niwe nakuzungukia mpaka uzeeni, kiweke kwenye pochi yako, kesho nije kwa mama na wazee wangu."

Dada Spea alikifungua kitambaa, akakifunga tena taratibu. Akalia kidogo, akacheka kidogo. Kisha akafungua pochi, akakitumbukiza, akavuta zipu.

"Unangoja nini?" akasema. "Zunguka."

Mwalimu alishuka, miguu haigusi chini kwa furaha. Alipofika mbele ya boneti akatupa jicho. Kioo cha abiria kilikuwa kimeshuka nusu, na kucha nyekundu zimeshaufikia mkono wa nje wa mlango. Zilipomwona zikarudi ndani haraka, kioo kikapanda, na Dada Spea akakunja mikono mapajani, anasubiri.

Mwalimu akajifanya hajaona, akamfungulia.