Kitambaa Nyuma ya Sili

Shafti iliyokwisha hulia gari likikata kona. Kila fundi analijua hilo. Hii ililia gari likiwa limezimwa, breki ya mkono imevutwa, na ufunguo uko mfukoni mwa fundi.

Kak. Kak-kak.

Fundi aliinua uso kutoka kwenye kikombe cha chai. Akajiambia ni chuma kinapoa. Alikuwa mtu wa kutafuta sababu za karibu kabla ya kuzifuata za mbali, na tabia hiyo ilikuwa imemfaa maisha yake yote.

Walimwita Mikono Safi. Gereji aliachiwa na baba yake pamoja na sharti moja: kifaa cha zamani hufungwa kwenye gazeti na kurudishwa kwa mwenye gari, aone kwa macho yake kwamba hakuibiwa. Gari hili kuukuu lilikuwa la mwalimu mstaafu, aliloachiwa na marehemu mumewe.

"Linadondosha oili kama mtoto anayeota meno," mwalimu alisema asubuhi ile. "Na likikata kona linanisema. Nalifuata saa kumi."

Fundi alilipandisha kwa jeki, akamwaga oili ya giaboksi, akaichokonoa shafti, chuma kinachozungusha gurudumu, kwa mtaimbo mpaka ikatoka. Kichwa chake kilikuwa kimelegea kama jino la mzee. Sili nayo, pete ya mpira inayozuia oili isivuje, ilikuwa imekauka, mdomo umelika. Aliing'oa kwa bisibisi, na nyuma yake akakuta kitambaa: ukanda mweupe, upana wa kidole, umefungwa kuwa pete, na vifundo saba.

"Ujanja wa mafundi wavivu," alinong'ona. Aliwahi kuusikia: sili ikilegea, unaijazia kitambaa, mteja anaondoka akicheka. Alikirusha kwenye debe la matambara. Kiliishi ndani ya oili miaka mingi, na kilitoka kikavu. Aliliona hilo, akalitafutia sababu, hakuipata, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa safi kama jina lake. Sili mpya aliipaka grisi mdomoni, akaigonga taratibu kwa kipande cha bomba, huku na huku, isikae upande. Shafti mpya ikaingia, tak, ikakaa. Aliizungusha kwa mkono. Kimya. Hapo ndipo alipoisikia harufu ya udongo uliolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Binti yake alirudi kutoka shule saa saba. Alikuwa na miaka minane, na kwa maneno yake mengi wakamwita Chiriku. Alipita kwenye debe kama kawaida yake, maana matambara ya baba ndiyo yaliyokuwa nguo za wanasesere wake, kisha akaingia nyumbani, nyuma ya gereji, alikokaa babu yake aliyepofuka macho akisubiri kufunguliwa redio.

Fundi alinawa, akawafuata. Mkewe alikuwa kazini. Mlangoni akausikia mlio aliotoka kuutibu.

Kak. Kak-kak-kak.

"Chiriku, basi, zima tu hiyo redio," babu alisema.

"Nimeshazima, babu."

Lakini mkono wa mtoto, ule ulioizima redio, uliendelea kuzunguka, polepole, kama mkono wa mtu anayekaza nati asiyoiona, kiganja kikapita pale ambapo kiganja cha binadamu husimama, kikaendelea, na kila hatua ikatoa mlio ule ule wa chuma kilichokwisha, na harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, udongo wa maji yasiyowahi kuona jua, na mtoto, ambaye tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza, hakulia wala hakuita, aliutazama tu mkono wake kama unavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amevaa kile kitambaa. Kilikuwa kimembana.

Kikombe kilimtoka babu mkononi.

"Umefungua gari la nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"La mwalimu, baba."

"Nyuma ya sili."

"Nilidhani ni uvivu wa fundi fulani."

"Fundi huyo ni mimi."

Alieleza upesi, akinong'ona, kama anayeogopa kuamsha mtu. Marehemu mume wa mwalimu alilinunua gari lile likiwa limeegeshwa miaka na miaka juu ya kisima kilichofukiwa. Adhuhuri magurudumu yake yalijizungusha yenyewe. "Mganga akamfunga jini wa kisima kwa vifundo vya kitambaa kile, mimi nikamziba nyuma ya sili. Yule jini hana haja nyingine, anataka kuzunguka tu. Mpe kitu kinachozunguka, atatulia. Mnyime, atajitafutia."

"Mganga yuko wapi?"

"Aliko hatumwi mtu."

"Basi nikikate, baba!"

"Ukikikata umemfungulia mlango. Kisikatwe. Kivuke chenyewe, kirudi kwenye chuma."

Saa tisa ilikuwa imekaribia. Fundi aliing'oa tena shafti mpya, kwa haraka hata mtaimbo ukamponyoka mara mbili. Babu alikaa sakafuni mwa gereji, amempakata mtoto ambaye sasa mkono wake ulikuwa ukizunguka mpaka begani. Fundi akazikutanisha ncha za vidole vya mtoto na ncha ya shafti, chuma kwa nyama, na wote watatu wakashikilia hapo bila kupumua, mpaka kile kitambaa, bila kuguswa, kikalegea, kikateleza juu ya kiganja, kikapita vidole kimoja kimoja kama mtu anayehesabu, kikapanda chuma na kujibana pale sili inapokaa.

Mkono wa mtoto ukaanguka mapajani. "Baba," alisema, "nina njaa." Fundi akageuka ukutani, akafuta macho.

Lakini sili mpya haikukubali. Ilibana; haikuwa na nafasi ya kitambaa. Alifungua gazeti, akaitoa ile ya zamani, iliyolika.

"Unajua la kufanya," babu alisema. "Na mwangalie mtoto. Yule akishaonja mahali, hapasahau."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mikono Safi alifunga kifaa kibovu huku akijua ni kibovu.

Mwalimu alikuja saa kumi kamili. Alizunguka na gari uwanjani mara moja, akashuka, akatazama tone la oili chini.

"Fundi, shafti mpya nayo inalia?"

"Inalia, mwalimu. Na tafadhali, iache ilie."

Akamwambia yote. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu bila ubaya. "Nimesahihisha madaftari miaka thelathini, mwanangu. Visingizio nimesoma vya kila aina. Hiki ni kipya."

"Nakuomba, mama. Usimruhusu mtu yeyote alifungue."

"Kushindwa kazi si dhambi. Ungesema tu." Akapanda gari lake. Huwezi kumlaumu, nani kati yetu angeamini?

Gari lilitoka getini, likakata kona, kak-kak-kak, na kwa fundi mlio ule ulikuwa mtamu kuliko wimbo. Kisha ukakoma karibu mno. Gari lilikuwa limeingia gereji ya ng'ambo, kwa Fundi Nyundo, aliyeamini kwamba hakuna chuma kisichosikia kipigo.

Mikono Safi alikimbia mpaka ukingo wa barabara. Lori moja likapita, la pili, la tatu, lenye tela. Lilipomaliza kupita, gari la mwalimu lilikuwa juu ya jeki, na miguu ya Nyundo ilichomoza chini yake.

"Jirani! Usifungue! Usifungue hapo!"

"Wewe tulia!" Nyundo alicheka kutoka chini. "Mikono ikiwa safi mno, kazi hufanywa na wenye michafu!" Na kitu cheupe, kilichokatwa kwa kisu, kikarushwa nje, kikaangukia vumbini.

Harufu ya kisima ilivuka barabara kabla fundi hajavuka. Uani, nyuma ya gereji, Chiriku alikuwa amemaliza kunawa mikono akafunga bomba. Maji yalikwisha kukatika. Mkono wake uliendelea kulifunga bomba.

Kak. Kak-kak.