Alama za Jumamosi

Kila Jumamosi kabla ya sauna, bafu lao la mvuke, Hilla aliwasha jenereta ya zizi kwa dakika kumi, kisha akaweka alama kwenye karatasi ya mlangoni. Lakini kwa wiki tano sasa alikuwa akiweka alama tu. Nje baridi ilikuwa kali, na umeme haukuwa umekatika tangu kiangazi.

Jumatatu asubuhi theluji nzito ililemea misonobari. Mti mmoja ukaangukia nyaya, ukafuata wa pili na wa tatu. Taa zikapepesa tu. Ulipoanguka wa nne, kijiji kizima kikazimika.

Mashine ya kukamua ikanyamaza. Baba aliwapigia simu mafundi, lakini kabla hawajamaliza kuelewana, simu nayo ikakatika. Mnara wa simu ulikuwa umeishiwa betri.

"Mafundi wanahitaji simu ili waurudishe umeme," Baba alisema, "na simu inahitaji umeme. Afadhali Hilla wangu ameitunza jenereta."

Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena na tena, mpaka jasho likamtoka. Ng'ombe arobaini, viwele vimejaa, wakaanza kulia.

"Baba," Hilla alisema kwa sauti ndogo, "sikuwa naiwasha. Niliweka alama tu."

Baba akaiachia kamba.

Bibi Kerttu akachukua ndoo. "Acha machozi, mjukuu wangu. Wanaolia humu wanatosha. Kaa hapa kwa Mansikki, ng'ombe mpole, ukamue taratibu."

Walikamua mpaka vidole vikakataa kukunjika. Kufikia mchana walikuwa wamemaliza ng'ombe tisa. Waliobaki walilia, na Hilla hakuweza kuwafanyia lolote.

Jioni trekta ya jirani yao, Urpo, iliingia uani ikivuta jenereta.

"Simu imekufa, nikaona nije mwenyewe. Kumbe mmerudi enzi za Kerttu!"

"Enzi zangu jirani hakungoja mpaka jioni, mzee wewe! Unganisha hiyo waya!"

Mashine ikanguruma. Viwele vya ng'ombe watatu vilikuwa tayari vimevimba kwa ugonjwa.

Bibi aliweka mkate mtamu wa iliki, wenye joto, kwenye kiganja cha Hilla kilichovimba.

"Umeme na simu vimeegemeana," alisema. "Kimoja kikianguka, kinakivuta kingine. Ndiyo maana tuliweka jenereta, isiyoegemea chochote ila wewe. Umesema kweli, nami nimefurahi. Ila ukweli wa leo, mwanangu, ng'ombe hawa waliuhitaji Jumamosi."

Hilla akaenda mlangoni, akafuta alama zote tano.