Wimbo Aliosingiziwa Babu

Kila mwezi wa Julai, ngano ikishakauka, kazi ya Leocadia ilikuwa kukaa tu. Alikaa juu ya ubao mzito wenye meno ya mawe chini yake, nyumbu wawili wa kufugwa wakiuburuta, wakizunguka na kuzunguka juu ya masuke, na uzito wake ulisaidia kuzipura punje. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na mwembamba mno, hivyo baba yake alimwekea na jiwe pembeni.

Jua kali, vumbi la makapi, mzunguko ule ule. Baada ya saa moja hakujua tena kama yuko macho au amelala. Hapo ndipo nyimbo zilipomjia zenyewe, kwanza sauti bila maneno, kisha maneno nayo yakafuata taratibu. Hakumwambia mtu yeyote. Kaka yake Fermín angemcheka mpaka Krismasi.

Mwaka huo alikuja kijijini Don Hilarión Bezares, mtunzi wa muziki kutoka Madrid. Kwa miaka miwili alikuwa akitunga kazi kubwa ya okestra, ipigwe Madrid mwezi wa Novemba, na yote aliijenga juu ya nyimbo za wakulima. Bibi yake Leocadia, Bibi Quiteria, alikwisha kumwimbia nyimbo hamsini na nane huku akimenya maharage. Kila alipomaliza mmoja aligonga daftari la mgeni kwa kidole. "Huo uandike vizuri, bwana. Usije ukaniharibia."

Adhuhuri moja Don Hilarión alipita kwenye uwanja wa kupuria ngano, akamsikia Leocadia akiimba. Akasimama juani bila kofia.

"Huo wimbo wa nani, mwanangu?"

Leocadia alitaka kusema ni wake. Lakini alikuwa amemsikia akiwaambia watoto kwamba anatafuta nyimbo za zamani tu.

"Wa babu," akasema. "Babu Anselmo. Alikuwa akiniimbia hapa hapa, kabla hajafa."

Penseli ikaanza kukimbia. Leocadia alipoona wimbo wake umelala kwenye karatasi, alijihisi anaelea, na kwa siku mbili alitembea kama mtu aliye ndotoni.

Don Hilarión alikuwa na desturi yake. Hakuna wimbo ulioingia katika kazi yake kabla hajausikia kwa watu wawili. Siku ya tatu, watu walipoamka usingizi wa mchana, alikuja jikoni akamwomba Bibi Quiteria amwimbie ule wa marehemu mumewe. Akamwonjesha mwanzo wake.

Bibi aliweka kisu chini. "Hebu imba tena." Akaimba tena. "Siujui."

"Uzee huo, bibi!" Fermín alidakia, mkate mdomoni. "Jana ulitafuta kitambaa nyumba nzima, kumbe umekivaa!"

Bibi hakucheka. "Nimeishi na mtu yule miaka arobaini na mmoja," alisema polepole. "Kama nimesahau wimbo wake, na hizo nyingine nimezichanganya vipi? Zifute zote, Don Hilarión. Sitaki kwenda kuaibishwa Madrid."

Don Hilarión alilikumbatia daftari. "Mama Quiteria, tafadhali! Bila hizo sina kazi ya kupeleka."

"Zifute, nimesema!" Na machozi yakamtiririka.

Leocadia alikuwa mlangoni. Akisema kweli, wimbo wake utafutwa, na ataitwa mwongo mbele ya mgeni. Lakini bibi alikuwa akijipapasa kichwa kana kwamba kuna kitu kimemdondoka, na hilo Leocadia hakuweza kulivumilia.

"Bibi, hujasahau kitu," alisema. "Babu hakuuimba. Niliutunga mimi. Nilidanganya."

"Wewe?" Fermín aliangua kicheko. "Kwa akili ipi?"

"Funga mdomo!" Bibi alimgeukia Leocadia. "Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima, bibi."

Bibi alimfinya sikio mpaka likawaka moto, kisha akamvuta kifuani, akamshikilia.

Don Hilarión alipiga mstari juu ya ukurasa ule. "Uliogopa nini?"

"Kuchekwa. Tena wewe unaandika za wazee tu."

"Ni kweli, na katika kazi hii hauwezi kuingia. Lakini nisikilize, Leocadia. Kazi yangu ya kwanza ilizomewa na ukumbi mzima. Ila niliandika jina langu juu yake, watu wakajua wa kumzomea. Wewe ulijificha nyuma ya marehemu, na aliyeumia ni bibi yako aliye hai. Kilicho chako sema ni chako, hata wakucheke."

Akafungua ukurasa mpya, akampa penseli. "Nota nitakufundisha. Kwanza jina, hapo juu."

Leocadia aliandika jina lake herufi moja moja. Safari hii Fermín alitazama tu.

Bibi Quiteria alifuta macho kwa aproni, akavuta kiti karibu. "Haya, imba niujue," alisema. "Ili siku nikiusahau, niwe nimesahau kweli."