Suti Nyeusi ya Sufu

— Fundi, usitie bitana hata kidogo, — mteja aliniambia nikimpima mabega. — Joto hili la Machi litaniua. Na mchumba wangu yuko ofisi hiyo, asema feni zimeharibika tangu mwezi jana.

— Ofisi gani?

— Ya mawakala wa meli, kule Kilindini. Wanatafuta sekretari. Intavyu ni Alhamisi.

Mkono wangu ukasimama. Nami nilikuwa nimeitwa huko huko, siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kupiga chapa, nikawa nashona na shangazi yangu Mejumaa dukani kwake, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, huku nikingoja kazi. Aliyenipelekea barua ya maombi ni Jamaldin, karani wa ofisi hiyo. Mwezi wa kumi alikuwa amenivisha pete mbele ya wazee wangu.

— Mchumba wako aitwaje?

— Jamaldin. — Akacheka. — Kuna msichana wa Mji wa Kale anamganda, naye ameitwa. Basi amemdanganya avae suti nyeusi ya sufu, eti meneja ndivyo apendavyo. Aje aloe jasho, wanja umtiririke, atolewe mapema. Mimi amenipa mpaka maswali!

Suti hiyo nyeusi, yangu mwenyewe, ilikuwa imening'inia nyuma yake, imebaki vifungo tu.

Nikampima kiuno, nikamwuliza jina. Beryl. Nikamwambia aje Jumatano.

Alipotoka, shangazi aliyekuwa kwenye cherehani ya pili akasimama.

— Mpigie simu sasa hivi umtukane!

— La, shangazi. Nataka anione kwa macho yake.

— Basi nguo ya huyu ishone vibaya, imchanikie huko huko.

Nilishika mkasi, wallahi nilishika. Lakini Beryl hakunijua.

— Yake nitaishona vizuri. Ninayemtaka mimi ni mmoja.

Jioni Jamaldin alipiga simu duka la jirani yetu Abdulhalim, nikaitwa.

— Yumna, suti iko tayari?

— Tayari.

— Koti usilivue hata ukihisi joto. Meneja atakuona huna adabu.

— Nimesikia, mpenzi.

— Nakuombea kila siku.

— Nami nakuombea, Jamaldin. Sana.

Beryl alipochukua nguo yake, nikakata yangu. Kitani cha rangi ya maziwa, sketi ya kufika vifundoni, koti jepesi lisilokaba makwapa, mikono mirefu iliyolegea. Nikachagua mtandio wa kijani, mwembamba, na viatu vya kisigino kifupi.

Alhamisi saa nne, Beryl alikuwa ameketi mapokezi. Nikaketi kando yake. Kabla hajanisalimu, Jamaldin akatokea na mafaili. Akaita jina langu, akaita la Beryl, kisha hakujua aendelee na lipi.

— Beryl, — nikasema, — msichana anayemganda ni mimi. Na hii ndiyo pete aliyonivisha.

Beryl akaitazama pete, akanitazama.

— Fundi? Wewe?

— Mimi.

Akainuka.

— Jamaldin! Ulinambia huyu anakuganda tu!

— Taratibu, Beryl, meneja atasikia...

— Na asikie! Na karatasi ya maswali uliyoniandikia kwa mkono wako aione!

Bwana Barnabas, meneja, alikuwa keshafika mlangoni. Akanyoosha mkono. Beryl akampa karatasi, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

— Maswali nitayabadilisha yote, — Bwana Barnabas aliniambia. — Bado uko tayari?

— Niko tayari, bwana.

Nilihojiwa nusu saa nzima, sauti yangu haikuyumba. Jioni ile mjomba wangu akairudisha pete kwao Jamaldin, naye akapiga simu tena.

— Yumna, shetani alinipitia. Nisemee kwa meneja.

— Nimesikia, — nikasema, nikakata.

Jumatatu nikaanza kazi. Barua ya kwanza niliyopewa kupiga chapa ilikuwa ya kumwachisha kazi Jamaldin kwa kuvujisha maswali. Niliipiga polepole, sikukosea hata herufi. Nikampelekea mwenyewe mezani pake.

— Yumna, nihurumie. Tulikuwa tuoane mwezi ujao.

— Tia sahihi hapa, kuwa umeipokea.

Akatia. Nikangoja wino ukauke, nikachukua nakala yangu.