Alama za Kusikiliza

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani, mke wangu?"

"Anayeongea hapo nyuma yako."

"Ah, televisheni hiyo." Kisha haraka haraka: "Mtandao unasumbua, nitakupigia."

Simu ikakatika. Msusi akabaki ameishika sikioni, kama anayengoja televisheni imwombe radhi.

Mumewe, fundi vigae ambaye mtaa mzima ulimwita Mrefu, alikuwa ng'ambo mwaka wa pili sasa. Siku hizi hakutaka kabisa simu ya picha. Maongezi yalikuwa ya kukimbizana, na kila mara ilisikika sauti hiyo ya kike, ikitiririsha Kihispania ambacho Msusi hakuambulia hata neno. Alipika cha mtu mmoja, akala akitazamana na kiti kitupu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa akijifunza lugha hiyo hiyo. Saluni moja karibu na alikoishi mumewe ilikubali kumwajiri, kwa sharti la cheti cha Kihispania.

Jioni, darasani, Mwalimu alimrudishia mtihani wa majaribio.

"Nimekukadiria. Kusoma na kuandika, arobaini kati ya hamsini. Safi. Kusikiliza na kuzungumza, ishirini na mbili. Unatakiwa upate thelathini."

"Si nimezidisha kule, Mwalimu? Zijazie huku."

"Alama hizi hazikopeshani, dada. Kila upande unajisimamia. Nyumbani unazungumza na nani?"

"Na ukuta."

Mwalimu akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Basi fanya hivi. Sikiliza kipande kifupi bila kusoma, andika ulichonasa, rudia, ndipo usome. Kuzungumza, jirekodi. Ukikosea usisimame, endelea. Hakuna mtahini anayempa alama aliyenyamaza."

Kesho yake wifi yake alipita saluni, akavuta kiti.

"Wifi, Mrefu ni kaka yangu wa tumbo moja, lakini sitakuficha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Pale kuna mtu."

"Una hakika gani?"

"Hata mimi nikimpigia naisikia sauti ya mwanamke, hiyo hiyo kila mara, naye ananiambia ni televisheni. Televisheni gani ina mtangazaji mmoja?"

Siku hiyo Msusi alimsuka mteja mistari kombo, ikabidi aifumue yote. Alipopata nafasi akaandika ujumbe: "Kama umepata mtu niambie, nisijisumbue na mtihani."

Jibu likaja: "Usiache mtihani. Nakuomba."

Hivyo tu. Hakukana, hakukubali.

Msusi hakuacha. Upendo ulimsukuma nusu ya njia, hasira ikamalizia: siku moja atamwelewa yule mwanamke neno kwa neno. Alisuka huku kapachika kisikilizi sikio moja. Nyumbani alijirekodi akieleza alivyoamka na alichokula. Mara nyingine aliirudia sauti yake bila hata kujisahihisha, ili tu chumba kiwe na watu wawili.

Makadirio yakapanda. Ishirini na sita. Ishirini na tisa.

"Imebaki moja," Mwalimu alimwambia.

Jumapili mchana Mrefu akapiga.

"Hujambo, mke wangu? Mimi nipo kazini hapa, najiiba kidogo."

Ile sauti ikapita nyuma yake. Msusi akafumba macho, akaacha kutafuta kila neno, akaisikiliza kama kipande cha mtihani. Maneno yakafunguka.

"Mume wangu, mguu wako umefanyaje?"

Mrefu akanong'ona.

"Nani kakuambia?"

"Yeye. Amesema usiukanyagie, kidonda hakijafunga. Huyo ni muuguzi?"

Mrefu alishusha pumzi ndefu. "Nilianguka kutoka jukwaa la ujenzi, kazini, mguu ukavunjika. Niko hospitali muda sasa. Ningekuambia ungeacha kila kitu, na bila cheti usingepata ruhusa ya kuja huku."

"Kwa hiyo ukaniacha nilale na wivu, wewe ukilala na maumivu?"

"Nilikosea."

"Ulikosea sana. Mpe simu."

"Nani?"

"Muuguzi. Mpe."

Msusi alizungumza naye kwa Kihispania. Alichanganya nyakati, vitenzi vikamtoroka, lakini hakusimama. Aliuliza mfupa umeungaje, mgonjwa anakula, analala. Muuguzi alijibu polepole, kisha akasema jambo ambalo Msusi alilielewa lote na kutamani asingelielewa: tangu aletwe, mgonjwa huyu hajapata mgeni hata mmoja. Huwaangalia tu wageni wa wenzake.

Msusi alilia simu ikiwa imeshakatwa.

Tangu hapo kila mchana walipiga simu ya picha, wakazungumza Kihispania tu. Mrefu alimsahihisha, naye Msusi akamgombeza kwa makosa yake, ya sarufi na ya ndoa. Siku ya mtihani, mtahini alimtaka aeleze jambo lililombadilisha mwaka huo. Alieleza mpaka akaombwa amalizie.

Kusikiliza na kuzungumza, thelathini na nne.

Ruhusa ilipotoka alisafiri, akamkuta Mrefu kwenye benchi nje ya wodi, magongo ubavuni, kakonda mpaka shati limemning'inia. Msusi akatua begi lake.

"Bado nimekukasirikia," Msusi alisema.

"Najua."

"Na hasira zenyewe hazijafika hata nusu."

"Nazisubiri."

"Sogea basi, nikae."