Aliyeitika Kisimani

Giza lilikuwa limeanza kuingia Bombambili wakati Oliva alipofunika nyanya zake gengeni, akaenda kumchukua Brigita, binti yake wa miaka saba. Siku hizo, baada ya masomo, watoto walikuwa wakikusanyika kwenye chumba cha mwalimu Valence. Walivaa miwani mikubwa iliyoziba macho, wakaiona Kilwa ya miaka mia saba iliyopita kama vile wamesimama ndani yake: nyumba za mawe, soko, kisima. Aliyeuza shanga vizuri alipata nyota. Ndivyo walivyojifunza historia, kwa mchezo ambao mwalimu na wenzake waliutengeneza.

Brigita alikuwa amebaki peke yake. Alisimama katikati ya chumba, miwani usoni, akicheka.

"Mwache kidogo, mama Brigita," Valence akasema. "Bado nyota moja. Huyu atakuwa malkia wa Kilwa."

"Malkia gani, na vyombo hajaosha?"

Mwalimu akacheka. Kicheko cha mtoto kikakatika ghafla.

"Abee!"

Oliva akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Nani anamwita?"

Valence akaitazama kompyuta yake.

"Mchezo huu hauna sauti, mama. Spika ziliharibika tangu juzi."

"Abee!" Brigita akaitika tena, kwa adabu.

Oliva ndiye aliyemfundisha: ukiitwa, itika mara moja. Hakuwahi kumwambia lile aliloonywa yeye na bibi yake... kwamba giza likiingia, usiitike mpaka umeuona uso wa anayekuita.

Harufu ya ubani ikajaa chumbani. Mkono wa mtoto ukanyooka mbele, vidole vikajikunja.

Kama ameshikwa.

"Brigita!"

Valence akamvua miwani. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, lakini hayakumwona mtu. Shavu lake lilikuwa la baridi.

Oliva akafanya ishara ya msalaba. Akaivaa miwani yeye.

Kisima. Kando yake mwanamke mwenye mtungi kichwani, amempa mgongo, anaondoka. Amemshika mkono mtoto aliyevaa sare ya shule.

"Hapo hatukuweka mtu," Valence alinong'ona, akiikodolea macho kompyuta, iliyoonyesha kisima hicho hicho. "Mama, hapo hatukuweka mtu!"

"Brigita! Brigita!"

Hawakusimama. Jina hilo lilikwisha kuitikiwa. Halikuwa lake tena.

Ndipo Oliva akakumbuka jina alilokuwa akimwita enzi za kumnyonyesha, wakiwa wawili tu kitandani. Hata baba yake hakulijua.

"Kapera..."

Mtoto akageuka.

Mwanamke naye akaanza kugeuka.

Oliva akaing'oa miwani kabla hajauona uso.

"Mama, mbona unalia?" Brigita akauliza. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelowa maji.

Valence alifunga chumba, akarudi kwao Lusewa. Akiulizwa, husema mashine ziliharibika. Oliva naye aliacha kumwita mwanawe kwa jina. Akimhitaji, humfuata alipo, akamgusa bega.

Jana jioni alikuwa jikoni akisonga ugali. Akasikia sauti ya mtoto uani.

"Abee!"

Mwiko ukamponyoka. Brigita akaingia mbio, anahema.

"Nimekuja, mama. Unanituma wapi?"

"Sijakuita, mwanangu. Nilikukataza kuitikia jina lako ukiwa hunioni. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nimeitika." Mtoto akatabasamu. "Hukuniita Brigita. Umeniita Kapera."